Mdogo wangu anasema Ukristo ni dini ya wazungu. Nimjibuje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Naishi Uyole, Mbeya. Mdogo wangu wa kiume anasoma chuo hapa mjini. Tangu likizo hii ianze anasema Ukristo ni dini ya wazungu, kila mtu ana ukweli wake, na yeye haamini kisichopimwa na sayansi. Kila nikimjibu tunaishia kugombana mbele ya mama. Nifanyeje niitetee imani yangu?

JIBU: Amina, dada yangu. Kwanza, acha kumhubiria mezani. 1 Petro 3:15 wengi tunalishika nusu: tunakumbuka “mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu”, tunasahau “kwa upole na kwa hofu”. Tena Petro anasema habari za kumjibu anayeuliza. Mdogo wako bado hajauliza, ametangaza tu. Kwa hiyo uliza wewe, kisha umsikilize. Yesu akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni katikati ya walimu, “akiwasikiliza na kuwauliza maswali” (Luka 2:46).

Anza na hilo la dini ya wazungu, maana ndilo zito, na huku kwetu lina historia. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 wakitokea Ujerumani, miaka ile ile Wajerumani walipokuwa wakijitwalia nchi hii. Kijana akiumia kwa hilo, mkubalie, ana haki ya kuumia. Halafu muulize: ujumbe unageuka uongo kwa sababu ya aliyeuleta? Muulize pia kama amesoma Matendo 8. Pale towashi wa Kushi, Mwafrika, anabatizwa njiani na kwenda zake akifurahi. Kornelio, akida wa Kirumi, anakuja baada yake, sura ya 10. Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale ambaye wazungu wenyewe wanamsoma mpaka leo, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya sasa. Na Ezana, mfalme wa Aksum huko Ethiopia, alimpokea Kristo katika karne ya 4, wakati sehemu kubwa ya Ujerumani ilikuwa bado inaabudu miungu yake. Usimmwagie haya yote kwa mkupuo. Mpe moja, akalitafute mwenyewe.

Kwenye “kila mtu ana ukweli wake”, mpeleke kwenye viazi. Lumbesa anaijua: gunia limejaa hadi mdomoni, likaongezewa juu na kufumwa kwa kamba, na mnunuzi analilipa kama gunia moja. Muulize: huyo mnunuzi amemdhulumu mkulima, au naye ana ukweli wake? Sijakutana na kijana wa nyanda hizi anayesema lumbesa ni haki. Akishakiri kuwa ni dhuluma, muulize taratibu: hicho kipimo cha haki kinachowabana mkulima na mnunuzi kwa pamoja, kimetoka wapi? Sisi tunasema kimetoka kwa Mungu anayechukia mizani ya hadaa (Mithali 11:1). Ila usiharakishe kulisema hilo. Nyamaza, hata siku mbili, naye afikiri.

La sayansi halina urefu. Kauli yenyewe kwamba tuamini kinachopimwa tu, ilipimwa katika maabara gani? Lakini usiibeze sayansi anayosoma, ni matunda ya akili tuliyopewa na Mungu.

Nakusihi jambo moja, dada. Usiulize ili umnase. Mtu anayetegwa hulijua hilo upesi, na akishalijua hakusikii tena. Swali ninaloliona la maana kuliko yote hayo ni hili: “Ulianza lini kuona hivi?” Nyuma ya hoja mara nyingi kuna kidonda. Pengine rafiki aliombewa sana akafa. Pengine aliona mtu akiuza mahindi ya chakula ili akanunue mafuta ya upako. Ukisikia habari ya namna hiyo, weka hoja pembeni kabisa, lia naye, wala usimtetee aliyeuza mafuta.

Akikuuliza usilolijua, mwambie hulijui, ukamuulize mchungaji wako, na kweli umrudishie jibu. Siku atakapoanza kuuliza kwa moyo, someni pamoja Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Mkifika 8:29, Yesu anapowauliza wanafunzi wake kuwa wao wenyewe wanasema yeye ni nani, usimjibie.