Kabla hujaomba kazi ya kuandikia timu ya besiboli Marekani

Nikipita Nyerere Square sikosi kijana wa chuo wa kunisimamisha, kaka we si ndo ulikua unaandikia ile timu ya besiboli Marekani, ulifikaje fikaje, na mi huwa najibu kwa kifupi maana jua la Dodoma la saa nane mchana sio la kusimamia. Leo nimekaa, chai iko mezani, nasema yote. Nasema hasa na wadogo zangu wa UDOM na St. John's mnaosoma uandishi afu mnadhani kazi ya michezo nje ni kupiga selfi na mastaa.

Kwanza tuelewane ni timu ya aina gani. Sio Dodgers ya Shohei Ohtani. Kule juu, yaani ligi kuu yao, kuna timu 30, na chini ya kila moja kuna ngazi nne za timu ndogo wanakokuzia vijana, jumla timu ndogo 120. Mi nilikua ngazi ya pili kutoka chini, mji mdogo katikati ya Marekani, mahindi kila upande mpaka unaweza kudhani umefika Kibaigwa, tofauti hakuna anayekimbilia dirisha la basi na karanga. Ngazi hiyo timu inacheza mechi 132 kwa msimu, kuanzia Aprili mpaka Septemba mwanzoni, Jumanne hadi Jumapili kila siku mechi, Jumatatu ndo unafua nguo. Ligi yetu kuu hapa timu inamaliza mwaka mzima na mechi 30. Nimeanza na hiyo hesabu makusudi, kwasababu wengi wanaoniuliza wana kipaji cha kuandika makala moja tamu, sasa makala moja tamu kule haimsaidii mtu, wanataka makala 132 zisizo na kosa.

Njia niliyopita mimi ni ya shule. Nilienda na visa ya mwanafunzi, nikasoma masters, na ukimaliza unaruhusiwa kufanya kazi mwaka mmoja kwenye kitu ulichosomea, inaitwa OPT. Ila ina mtego, ukikaa bila kazi siku zikajumlika zaidi ya 90 umevunja masharti, kwahiyo usisubiri mahafali ndo uanze kutafuta. Nafasi nyingi za timu ndogo hutangazwa msimu ukishaisha, kuanzia Oktoba mpaka kwenye Januari hivi. Mi niliandika maombi hadi nikapoteza hesabu, wengi hawakujibu hata kwa hapana.

Aliyenijibu alivutiwa na kitu nilichotaka hata kukifuta kwenye sivii. Kabla ya kuondoka nilikua nazunguka pale Bungeni naandika vipande vya habari kwa malipo ya kipande, na hakuna shule iliyonifundisha besiboli kama Bunge la bajeti. Unakaa tangu saa tatu asubuhi, waziri anasoma kurasa na kurasa, huyu anasinzia, yule kaenda kunywa chai, mara mbunge mmoja anasimama anaomba mwongozo wa Spika, moto unawaka dakika mbili, na kama ulikua kwenye simu ndo basi, habari ya siku imekupita. Besiboli hivo hivo. Mechi inakula masaa mawili na nusu na zaidi lakini ukijumlisha muda ambao mpira uko kwenye purukushani kweli ni dakika chache sana. Ligi kuu yao kuanzia 2023 waliweka saa ya kumbana mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, sekunde 15 kama hakuna mtu kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, na bado ni mchezo wa kusubiri. Asiyeweza kusubiri macho yakiwa wazi aende akaandike ngumi.

Kazi yenyewe inaanza saa nne asubuhi. Unaandaa karatasi za mechi ya leo, rekodi ya timu, mrushaji atakayeanza na mechi zake zilizopita, nani kapiga vizuri wiki hii, nani anarudi kutoka majeruhi, zinapigwa kopi zinapelekwa kwa watangazaji na waandishi. Mchana mahojiano, jioni mechi, usiku ripoti, na ripoti bosi anaitaka ndani ya nusu saa baada ya mpira wa mwisho. Ukitoka saa tano usiku umewahi.

Sasa hapa kwenye daftari naomba mnivumilie maana ndo nilipoangukia na ndo nilipopatia jina. Besiboli inaandikwa kwa mkono, mpira kwa mpira, kwenye karatasi yenye viboksi. Kila nafasi uwanjani ina namba yake, sio namba ya mgongoni, mrushaji ni 1, mdakaji wa nyuma ya mpigaji ni 2, inaenda hivo mpaka yule wa pembeni kulia ambaye ni 9. Ukiandika 6-4-3 mwenzio anaona picha nzima, kwamba yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu kauokota, kamrushia wa besi ya pili, naye kampa wa besi ya kwanza, watu wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri aliyoshindwa kuipiga, unaandika K. Hiyo K na ule muhtasari wa takwimu unaoona chini ya habari za besiboli ni kazi za Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani karne ya 19, na yuko kwenye jumba lao la mashujaa akiwa mwandishi, hajawekwa pale kwa kurusha wala kupiga. Mgeni kama sisi. Mi hilo lilinipa moyo kuliko semina zote za chuo.

Mwanzoni daftari nililiona la kizee. Kompyuta si inaleta kila kitu? Wiki ya pili nikaacha kuandika, nikawa nachukua namba kwenye mfumo, mechi ikaisha nikatuma ripoti, nikafunga laptopu nikaenda zangu. Nisichokijua ni kwamba yule msajili wa mechi anayeamua kama mpira ulikua pigo halali la mpigaji au kosa la mlinzi aliyeshindwa kuudaka ana masaa 24 baada ya mechi kubadilisha uamuzi wake. Usiku ule akabadilisha. Pigo likawa kosa la mlinzi, maana yake zile pointi mbili walizopata wapinzani hazikua tena mzigo wa mrushaji wetu, na ripoti yangu ilikua imeshasambaa ikisema kijana alichapwa. Asubuhi kocha wa warushaji alikuja mwenyewe ofisini. Hakufoka. Alivuta kiti akanielezea kwamba kijana huyu ana miaka 20, wanaompandisha au kumkata wanasoma namba, na wewe umempa namba mbaya isiyo yake. Nilitamani afoke. Kuanzia siku ile nilikua na daftari langu, kila mpira wenye utata naweka nyota, na kabla ya kulala nafungua mfumo kuangalia zile nyota tu.

Majina nayo. Wachezaji wengi ngazi zile wametoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na majina yao yana alama ambazo kiibodi yako haina. Peña ukiiandika bila kile kimkia juu ya n inakua neno jingine kabisa, kwa Kihispania pena ni huzuni, umemuita mtu Bwana Huzuni mbele ya ukoo wake mzima unaosoma kwenye simu kule kwao. Jifunze kuziandika, na jifunze Kihispania cha salamu, cha chakula na cha pole. Kiingereza changu kilikua na lafudhi na chao pia, tukaelewana haraka kuliko nilivyoelewana na watu wa ofisini, na habari zangu bora zote zilitoka kwa hao vijana, mara nyingi kwenye ngazi za jukwaa saa nane mchana hakuna mtu uwanjani. Ila angalizo, mtu akikuambia kitu kwakua mnafanana shida, hajakupa habari, kakupa siri. Muulize tena siku ya pili, hili niandike? Mmoja alisema hapana, na ilikua habari kali sana, nikaiacha.

Lingine ambalo hamtaambiwa darasani ni turubai. Timu ndogo haina watu wengi, kwahiyo wingu likitanda ofisi nzima inashuka, muuza tiketi, mhasibu, mwandishi, mnashika turubai kubwa mnakimbia nalo kufunika eneo la ndani la uwanja lisilowe. Mara ya kwanza nilisimama nimeduwaa. Mi nimekulia Dodoma bwana, mvua yetu ni ya kuhesabu, bibi yangu kule Mvumi wingu likionekana anatoa ndoo na masufuria nje, leo nimevaa viatu vya ofisini nakimbiza mvua isiguse ardhi. Nilimpigia mama usiku ule, kwetu ilikua saa moja asubuhi anafagia uwanja Majengo, nikamwambia kazi niliyofanya leo, alinyamaza kidogo akauliza, na wanakulipa kwa hilo? Lakini sikilizeni, mtu asiyeshika turubai hapewi mkataba wa pili, hata aandike kama malaika. Wanaangalia.

Makala ndefu usizipende sana. Niliwahi kuandika moja ya mchezaji wetu bora, maneno 900, wiki nzima ya mahojiano, ikaingia kwenye kijitabu cha mechi, tukachapa. Usiku huohuo klabu kubwa ikampandisha daraja, saa kumi na mbili asubuhi kijana yuko barabarani na mabegi yake. Timu ndogo haiajiri wachezaji, wachezaji ni mali ya klabu ya juu, nyie mnaletewa na mnachukuliwa. Tukauza kijitabu chenye sura ya mtu asiyekuwepo. Baadae nikawa naandika fupi, naandika mapema, na siku zote nina moja ya akiba ya mtu asiyehama, mkata nyasi, muuza soseji wa miaka mingi, mama anayewapokea vijana wageni. Hizo za akiba ndo zilisomwa zaidi, nisiwafiche.

Na msiende na akili ya msemaji wa Simba au Yanga. Napenda sana kelele zetu, utani wa jadi bila wasemaji ungekua msiba, lakini kule ukiandika mshindani wetu kapigwa kama ngoma unaitwa ofisini. Wewe unalipwa na timu, ndio, hutaandika kwamba kocha kachemka, ila tumefungwa 11 kwa 2 lazima isomeke 11 kwa 2 tena kwenye sentensi ya kwanza. Usifiche kichapo aya ya nne. Wasomaji wako walikua uwanjani, wameona.

Hela ni ndogo, nisipake rangi. Klabu kubwa tangu 2022 zinawapa wachezaji wa timu ndogo pa kuishi, sisi wa ofisini tulijipangia wenyewe, wanne nyumba moja. Na Aprili kule ni baridi ya kukaza taya, niliandika na kalamu ya risasi maana ya wino iligoma.

Utaulizwa pia kama Afrika kuna besiboli. Usikasirike, uwe na jibu. Mwambie tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na Pittsburgh Pirates, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu yao, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga pigo halali. Afu mwambie Dar, pale Azania Sekondari, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mi nilikua namaliza na hapo, mtu ananyamaza, tunaendelea na kazi.

Anayetaka kuanza asisubiri visa. Nunua kaunta buku, chora viboksi, iningi tisa, yaani vipindi vya mechi, kwenda kulia na wapigaji tisa kwenda chini. Mechi ya saa moja jioni ya New York huku ni saa nane usiku wakati wa msimu, weka alamu, bando la usiku ni rahisi. Andika mechi nzima kwa mkono, asubuhi linganisha na takwimu zao rasmi. Ukifikisha mechi tano zinazolingana nitafute pale Nyerere Square, ila njoo baada ya saa kumi jua likipoa, na daftari uje nalo. Na ukijumlisha ukakuta timu ya nyumbani imetolewa watu 24 tu badala ya 27, usifute, hujakosea, tafuta mwenyewe kwanini.