Siti ya ngozi kuchanika kwenye ribiti

Kaka, umeuliza kwa nini siti ya baiskeli ya mzee imechanika kwenye ribiti (vile vipini vya chuma vinavyoshika ngozi kwenye fremu yake). Hiyo Brooks, yaani siti ya ngozi ya kampuni hiyo, haijachanika ghafla, imechoka siku nyingi. Ngozi yake haina sponji wala ubao chini, imewambwa tu kama ngoma kati ya ribiti za mbele na za nyuma, sasa uzito wote unavuta pale kwenye matundu, na ukiipanda ikiwa imelowa mvua au jasho ndo inavutika zaidi, inabonyea katikati huku pembeni inatanuka. Ile nati ya chini ya pua ya siti (ncha ya mbele), inayovuta ngozi, unaikaza kidogo sana tena kwa nadra, ila watu wakiona imelegea wanakaza tuu mpaka ngozi inakatika kwenye ribiti, na kwa ulivyoeleza ndo kilichotokea. Halafu upo Mikindani, chumvi ya bahari inakula vyuma vya chini, na oili chafu uliyopaka imelegeza ngozi bure (nani anawafundisha hii jamani??). Kushona hakusaidii hapo. Kagua springi na fremu ya siti, kama kutu haijala sana fundi viatu mzuri atatoa ribiti zote akuwambie ngozi nene ya ng'ombe, kama vyuma vimeliwa nunua tu siti ya sponji.