Nafasi za Utafiti Baada ya Uzamivu Nchini Uswidi

SWALI: Mhariri, mwaka jana nilitunukiwa shahada ya uzamivu katika kemia, na ningependa kuendelea na utafiti katika chuo kikuu cha Uswidi. Nimewaandikia maprofesa kadhaa nikiomba nafasi, lakini wengi hawakunijibu. Je, nafasi hizi hutangazwa wapi, nami nizingatie nini?

JIBU: Huenda umebisha mlango ambao si wao wa kuufungua. Vyuo vikuu vingi vya Uswidi ni taasisi za serikali, na ajira zake kwa kawaida hutangazwa hadharani, hivyo hata profesa aliyevutiwa na barua yako hawezi kukupa mkataba kabla tangazo halijatoka. Fuatilia kurasa za nafasi za kazi za vyuo vyenyewe, kama vile Uppsala, Lund, Stockholm, Umeå na KTH (Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia), pamoja na tovuti ya EURAXESS ya Umoja wa Ulaya.

Kabla ya yote, chunguza kama unachopewa ni ajira au stipendi, yaani posho ya ufadhili isiyo mshahara. Kwa mujibu wa mkataba wa pamoja wa taasisi za serikali, yaani makubaliano kati ya mwajiri na vyama vya wafanyakazi, ajira ya aina hii hudumu angalau miaka 2 na isiyozidi 3, na wanaopewa kipaumbele ni wale ambao hadi siku ya mwisho ya kupokea maombi hawajatimiza zaidi ya miaka 3 tangu wapate uzamivu. Muda wa likizo ya uzazi au ya ugonjwa unaweza kuzingatiwa. Wewe, basi, bado una nafasi, ila usikawie. Stipendi, ambazo hutolewa na wakfu kama Carl Trygger na Kempe, hazikatwi kodi, na hilo huwavutia wengi. Hata hivyo, mpokeaji si mwajiriwa: hachangiwi pensheni, na kinga yake anapougua au kupata mtoto ni hafifu kuliko ya mwenye mkataba wa kazi. Kwa mtu mwenye familia, mimi ningechagua ajira.

Barua kwa profesa ina manufaa yake pale unapotafuta mwenyeji wa kuomba naye ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie, ambao huwapokea watu wa mataifa yote, mradi mwombaji hajaishi wala kufanya kazi Uswidi kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya kuomba. Barua ya namna hiyo haipaswi kuanza kwa kuomba nafasi. Kama umetengeneza vichocheo na kuvichunguza kwa miale ya eksirei, na kundi la profesa huyo hufanya majaribio katika MAX IV, kituo cha miale ya eksirei kilichoko Lund, taja kipimo unachokimudu, makala yake uliyoisoma, na swali ambalo mngelichunguza pamoja. Aya mbili zinatosha, wasifu uambatanishe.

Fahamu pia kwamba maombi yanayopelekwa katika chuo cha serikali ni nyaraka za umma, ambazo mtu yeyote anaweza kuomba kuzisoma, wakiwemo washindani wako. Kwa hiyo, matokeo ambayo hujayachapisha yaeleze kwa juu juu tu. Na ukiandika mwezi Julai, usitarajie jibu la haraka, kwa kuwa Waswidi wengi huwa likizoni. Subiri hadi katikati ya Agosti ndipo ukumbushe.