Maswali ya Wasomaji: Wakulima wa Alberta na uchaguzi wa mwaka 1921

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mkulima wa karafuu hapa Wete, na baada ya sala ya isha huwasaidia vijana wa mtaani masomo yao ya historia. Tumesoma kwamba mwaka 1921, katika sehemu ya Kanada iitwayo Alberta, jumuiya ya wakulima iliiondoa serikali madarakani ilhali haikuwa na mtu iliyemtangaza kuwa waziri mkuu, na tena ilipata kura chache kuliko chama ilichokishinda. Kijana mmoja akasema kuwa hayo ndiyo yaliyotokea kwetu Zanzibar katika uchaguzi wa mwaka 1963. Naomba utufafanulie. (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Mliyoyasoma ni kweli, lakini ulinganisho wa kijana huyo una sehemu iliyo sawa na sehemu isiyo sawa, na tofauti hiyo inastahili kuelezwa kwa utulivu. Kwanza nieleze istilahi. Alberta ni sehemu ya shirikisho la Kanada yenye serikali yake na baraza lake la kutunga sheria. Hapa nitaiita mkoa, ili neno jimbo libaki kwa maana tuliyoizoea Visiwani, yaani eneo linalomchagua mwakilishi.

Mkoa huo uliundwa tarehe 1 Septemba 1905, na tangu siku hiyo hadi mwaka 1921 ulitawaliwa na chama kimoja tu, Chama cha Liberali. Watu wake wengi waliishi kwa kulima ngano, na mkulima wa Pemba hatahitaji kuelezwa maana ya kutegemea zao moja ambalo bei yake hupangwa mbali na shamba. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza bei ya ngano ilipanda sana, wakulima wakakopa ili waongeze ardhi na mashine. Mavuno ya mwaka 1919 yalinunuliwa na bodi ya serikali kuu, lakini mwaka uliofuata bodi ikavunjwa na biashara ikarudi katika soko huria. Busheli moja, ambayo ni kiasi cha kilo 27 za ngano, ilikuwa imefikia zaidi ya dola 2. Bei hiyo ikaporomoka, wakati deni halikupungua hata senti. Kusini mwa mkoa, ukame uliodumu miaka kadhaa ulikuwa umeshawafukarisha wengi hata kabla bei haijaanguka.

Hata hivyo, shida peke yake haiwapi watu ushindi. Wakulima hao walikuwa na chombo chao tayari. Umoja wa Wakulima wa Alberta uliasisiwa mwaka 1909 kwa kuunganisha jumuiya mbili zilizotangulia, na haukuanzishwa kuwa chama cha siasa. Ulikuwa na matawi vijijini, mkutano mkuu kila mwaka ambao wajumbe wake walitumwa na matawi, na jumuiya ya wanawake iliyofanya kazi bega kwa bega nao. Kwa zaidi ya miaka kumi watu wa vijijini walikuwa wamezoea kukutana, kujadili bei na usafirishaji, kuandika maazimio na kumhoji mjumbe wao aliporudi kutoka mkutanoni. Kwa maoni yangu, hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza kuhusu kukosekana kwa kiongozi. Chama kilichoundwa kwa ajili ya uchaguzi humtafuta kiongozi mapema, kwa sababu bila yeye hakina kitu cha kuwaonyesha watu. Umoja ulikuwa umeshaonekana katika kila kijiji.

Rais wake, Henry Wise Wood, mzaliwa wa Missouri nchini Marekani, kwa muda mrefu aliupinga mpango wa kuingia katika siasa. Aliamini kuwa kila kundi la watu, kwa mujibu wa kazi yao, lijipange lenyewe na kupeleka wawakilishi wake barazani, badala ya kuwa chini ya vyama vya kawaida. Wanachama waliposhikilia kuingia, mambo yalifanywa kwa njia iliyolingana na imani hiyo: wakulima wa kila jimbo walikutana, wakamteua mtu wao, wakamgharimia wenyewe. Mwezi Novemba 1919 walishinda uchaguzi mdogo katika jimbo la Cochrane, na hiyo ikawa ishara kwa serikali, ingawa waziri mkuu Charles Stewart mwenyewe alikuwa mkulima.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 18 Julai 1921. Wakulima walipata viti 38 kati ya 61, Waliberali 15, Chama cha Wafanyakazi 4, wagombea binafsi 3, na Wahafidhina kiti 1. Ushindi ulipokwisha kujulikana ndipo suala la waziri mkuu lilipoanza kujadiliwa. Wood alikataa. Mwanasheria wa Umoja, John Brownlee, naye hakukubali wakati huo. Wajumbe walioshinda wakakutana na kumchagua Herbert Greenfield, mkulima aliyezaliwa Winchester, Uingereza, ambaye hakuwa hata amegombea kiti. Akaapishwa mwezi Agosti, kisha akatafutiwa jimbo.

Sasa nije kwenye hesabu ya kura. Waliberali walipata kiasi cha asilimia 34 ya kura zote na wakulima kiasi cha asilimia 29. Mtu akiziona nambari hizo bila maelezo, atadhani kwamba watu waliowataka Waliberali walikuwa wengi zaidi. Lakini miji ya Calgary na Edmonton ilikuwa na wajumbe watano kila mmoja, na mpiga kura wa huko aliruhusiwa kuchagua wagombea hadi watano, wakati mkulima wa kijijini alimchagua mmoja tu. Mtu mmoja wa Edmonton aliweza kuhesabiwa kama kura tano. Waliberali walivichukua viti vyote vitano vya Edmonton, kwa hivyo jumla yao ikavimba kwa kura za mji huo. Wakulima, kwa upande wao, hawakusimamisha wagombea katika kila jimbo, na Calgary waliwaachia Wafanyakazi, ambao baadaye walipewa nafasi katika baraza la mawaziri. Asilimia hizo zinahesabu alama zilizotiwa katika karatasi, wala si idadi ya watu waliozitia.

Kwetu mwaka 1963 haikuwa hivyo. Visiwa viligawanywa katika majimbo 31, kila jimbo lina mwakilishi mmoja na kila mpiga kura ana kura moja. Chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu, wakati Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, ilipata viti 12 na Zanzibar na Pemba People's Party viti 6, na vyama hivyo viwili vikaunda serikali kwa muungano wao. Hapa kura zilikuwa watu kweli. Tofauti ilitokana na jinsi kura zilivyokuwa zimesambaa, kwani chama kikishinda jimbo kwa wingi mkubwa kupita kiasi, kura za ziada hazikiongezei kitu kwingine. Wazee wa Pemba wanakumbuka upande wa pili wa jambo hilohilo: katika uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja, na kura hiyo moja ilileta kiti kizima.

Basi mwambie kijana kwamba sura ya matokeo inafanana, lakini sababu hazifanani, na katika historia sababu ndizo tunazozitafuta.

SWALI: Je, wanawake walikuwa na sauti katika uchaguzi huo wa Alberta? (Mwalimu wa skuli, Mkokotoni, Unguja)

JIBU: Ndiyo, mwalimu. Wanawake wa Alberta walipata haki ya kupiga kura mwaka 1916. Mwaka uliofuata Louise McKinney na Roberta MacAdams walichaguliwa, wakawa wanawake wa mwanzo kuingia katika baraza la kutunga sheria katika himaya nzima ya Uingereza. MacAdams alichaguliwa kwa kura za wanajeshi na wauguzi wa Alberta waliokuwa vitani ng'ambo. Mwaka 1921 McKinney alishindwa, lakini waliingia Nellie McClung kwa upande wa Waliberali, na Irene Parlby wa wakulima, aliyewahi kuiongoza jumuiya ya wanawake wa Umoja na ambaye aliteuliwa kuwa waziri. Kwa kulinganisha, sisi chini ya himaya hiyohiyo tulipiga kura mara ya kwanza mwaka 1957 kwa wanaume peke yao, na mama zetu wakasubiri hadi Januari 1961.

Lakini tusiisifu Alberta kupita haki yake. Wenyeji wa asili waliosajiliwa chini ya sheria ya Kanada iliyowaita "Wahindi" (si watu wa Bara Hindi), ambao ardhi ile ilikuwa yao kabla ya mlimaji yeyote wa ngano kufika, hawakuruhusiwa kupiga kura katika chaguzi za mkoa huo hadi mwaka 1965. Wakulima walioteta sana kuhusu haki walipopata madaraka hawakuliondoa katazo hilo.

SWALI: Baada ya kushinda, wakulima waliubadilisha utaratibu wa kura au waliuacha kwa kuwa uliwafaa? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Waliubadilisha, mwaka 1924. Mijini kila mtu akabaki na kura moja, lakini akawapanga wagombea kwa kuandika 1, 2, 3 kadiri anavyowapenda, na viti vikagawanywa kwa kulingana na mpangilio huo. Vijijini pia watu walipanga kwa nambari. Ikiwa hakuna aliyepita nusu ya kura, wa mwisho aliondolewa na karatasi zake zikahamishiwa kwa chaguo la pili la wenye kura. Uchaguzi mkuu wa kwanza kwa utaratibu huo ulikuwa wa mwaka 1926, wakulima wakashinda tena. Mwaka 1935 walipoteza viti vyao vyote, hata kimoja hakikubaki, lakini utaratibu wa kura waliouweka ulidumu hadi mwaka 1956.