Kumpeleka mtoto mdogo Makumbusho ya Ghibli, Tokyo: majibu kwa mleta mada

Mleta mada ameuliza kama inafaa kumpeleka mtoto wa miaka minne kwenye Makumbusho ya Ghibli nchini Japani, ilhali mtoto mwenyewe hajawahi kutazama hata katuni moja ya Ghibli, studio ya Kijapani ya filamu za katuni, na kama tiketi zinapatikana mlangoni. Nilikwenda na binti yangu akiwa na umri huohuo, kwa hiyo nitajibu kwa yale tuliyoyaona.

Nianze na tiketi, maana wengi hukwamia hapo. Mlangoni haziuzwi kabisa. Hutolewa kwenye intaneti tarehe 10 ya kila mwezi kwa ajili ya mwezi unaofuata, kuanzia saa nne asubuhi ya Japani, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa kumi alfajiri, na siku za wikendi huisha mapema mno. Tiketi huandikwa jina la mnunuzi, tarehe na saa ya kuingia, ili kuwabana walanguzi, kwa hiyo usisahau pasipoti. Tulilipa yeni 1,000 kwa mtu mzima na yeni 100 tu kwa mtoto. Aliye chini ya miaka minne huingia bure. Kwa jiji lenye gharama kama Tokyo, hiyo ni bei ya hisani.

Makumbusho yenyewe yako Mitaka, magharibi mwa jiji, kiasi cha dakika 20 kwa treni ya njia iitwayo Chuo kutoka Shinjuku, stesheni kubwa ya Tokyo. Yalifunguliwa mwaka 2001, na aliyebuni jengo ni Miyazaki Hayao, mwongozaji wa katuni, wala si mtaalamu wa makumbusho, jambo ambalo utaligundua mara tu ukiingia. Hakuna njia iliyopangwa ya kufuata. Kuna ngazi nyembamba za chuma zinazopanda kwa kuzunguka, vijia vya juu, na vilango ambavyo mtoto hupita wima na mzazi akalazimika kuinama. Kaulimbiu yao ni kwamba tupotee pamoja, na kwa kweli anayefaidi zaidi ni yule anayemwacha mtoto atangulie. Kigari cha mtoto tulikiacha nje, na sikuona mahali ambapo kingetufaa ndani.

Chumba kilichotuchelewesha ni kile cha sakafu ya chini kinachoeleza mwanzo wa picha zinazotembea. Humo mna sahani kubwa iliyopangwa vinyago vingi vya wahusika walewale, kila kimoja kikitofautiana kidogo na jirani yake. Sahani inapoanza kuzunguka, vinyago huchanganyikana na usione ila ukungu wa rangi. Kisha taa huanza kuwaka na kuzima kwa kasi, na ghafla unamwona Totoro, yule kiumbe mkubwa wa manyoya wa katuni za Ghibli, akirukaruka, huku msichana akiruka kamba. Taa ikirudi kuwa ya kawaida, ukungu nao unarudi. Binti yangu alisimama pale, pua karibu iguse kioo, akisubiri mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akaanza kutabiri kwa sauti ni lini “wataamka”. Hakuwa na haja ya kujua kwamba ubongo huunganisha picha zinazofuatana kwa kasi zikaonekana kama mwendo. Alikuwa amekwisha kuelewa kuwa siri iko kwenye taa, na mimi niliyesoma maelezo sikuwa na la kumwongezea.

Lipo pia Basi la Paka, basi lenye umbo la paka kutoka katuni ya Totoro, kubwa na la manyoya, ambalo ni la watoto wa shule ya msingi na wadogo zao pekee. Wazazi husimama pembeni, watoto huingia kwa zamu, na zamu ikiisha kilio hakikosekani. Kwa swali la katuni zipi atazame kabla ya safari, jibu langu ni moja tu, ile ya Totoro ya mwaka 1988, kwa sababu ndiyo itakayomfanya alitambue hilo basi. Kumlazimisha amalize zote ni kumchosha bure.

Ndani kuna sinema ndogo inayoonyesha filamu fupi, ya kama dakika 15, ambayo si rahisi kuiona kwingine. Lugha ni Kijapani, lakini hadithi inajieleza kwa vitendo. Tiketi ya sinema unayopewa unapoingia makumbusho ina kipande cha mkanda halisi wa filamu. Kiinue mbele ya dirisha, mwonyeshe mtoto zile picha ndogo zinazofuatana, naye ataunganisha mwenyewe na alichokiona chini.

Kupiga picha ndani ni marufuku. Najua wapo watakaonuna, ila mimi naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, kwa kuwa ndilo lililonifanya nimtazame mwanangu badala ya simu. Picha mtapiga juu ya paa, penye sanamu ya roboti yenye urefu wa kama mita tano.

Mwisho ni chakula. Mkahawa wao una foleni ndefu, na mtoto mwenye njaa haelewi habari za foleni. Mlisheni kabla ya kuingia, kisha mkitoka piteni katikati ya bustani ya Inokashira kwa miguu hadi stesheni ya Kichijoji, ambako mikahawa ni mingi na bei zake ni za kawaida.