Maswali yenu kuhusu Rose Bowl

Tangu nilipogusia mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu, wasomaji wengi wameniuliza kuhusu mechi ya vyuo vikuu inayochezwa kila Mwaka Mpya. Haya ni baadhi ya maswali, na majibu yake.

Rose Bowl ni kombe, ligi au uwanja?

Ni mechi moja tu kwa mwaka, na ni uwanja pia, ulioko Pasadena, California. Uwanja ulifunguliwa 1922. Msanifu wake, Myron Hunt, aliufuatisha ule wa Chuo Kikuu cha Yale wenye umbo la bakuli, yaani “bowl”, na mechi ikachukua jina hilo. Miji mingine ilipoona wageni wanavyomiminika Pasadena, nayo ikaanzisha mechi zake: Miami na New Orleans mwaka 1935, Dallas 1937. Uchumi ulikuwa umeanguka na hoteli zilihitaji watu. Leo mechi za aina hiyo zinafika kama 40.

Wapenzi wa soka mnaufahamu uwanja huo hata kama jina limewatoka. Ndipo Roberto Baggio alipopaisha penalti tarehe 17 Julai 1994, Brazil wakabeba Kombe la Dunia.

Maua na mpira vinahusiana nini?

“Rose” ni waridi, na maua ndiyo yaliyotangulia. Mwaka 1890 wanachama wa Valley Hunt Club, klabu ya Pasadena, wengi wao wakiwa wamehamia kutoka majimbo ya baridi, walipamba magari ya farasi kwa maua wakapita nayo mitaani. Walitaka ndugu zao waliobaki kwenye theluji wajue kwamba huku waridi huchanua Januari. Mpira uliongezwa 1902 ili kusaidia gharama, na siku hiyo Michigan waliichapa Stanford 49–0. Stanford waliomba mechi ikatishwe kabla ya muda kwisha. Waandaaji wakaachana na mpira, wakaleta mbio za magari ya farasi kama ya Warumi wa kale! Mpira ulirudi 1916 na haujaondoka tena.

Maandamano ya maua bado yapo kila asubuhi ya sikukuu. Sharti ni kwamba sehemu yote ya gari inayoonekana ifunikwe kwa vitu vya asili: petali, mbegu, magome, majani. Siku za mwisho za Desemba watu wa kujitolea huzibandika mbegu kwa gundi, na kila ua la waridi hutiwa kwenye kichupa chake cha maji lisinyauke.

Tukio gani halisahauliki?

Kwangu mimi ni la Roy Riegels, mwaka 1929. Mchezaji huyu wa Chuo Kikuu cha California aliokota mpira ulioanguka, akageuzwa katika msukumano, akatimua mbio kama yadi 65, yaani mita 60 hivi, kuelekea lango lake mwenyewe. Mwenzake Benny Lom alimkimbiza akimpigia kelele, akamkamata karibu kabisa na mstari. California walipojaribu kuupiga mpira mbali, ukazuiwa, na Georgia Tech wakapata pointi 2. Matokeo ya mwisho: 8–7, Georgia Tech washindi.

Wakati wa mapumziko Riegels alikuwa hataki kurudi uwanjani. Kocha wake, Nibs Price, alimwambia ainuke, nusu ya mechi bado ipo. Akarudi, na alicheza kiume kipindi chote cha pili. Ndiyo maana naupenda mchezo wa vyuo: wale ni vijana wa chuo, na kocha hakumtupa wake.

Wachezaji weusi waliruhusiwa lini?

Fritz Pollard wa chuo cha Brown alicheza 1916, akawa mtu mweusi wa kwanza katika mechi hii. Mwaka 1921 alikuwa tayari kocha katika ligi ya kulipwa. Lakini msidhani mlango ulifunguka kwa wote. Chuo cha Alabama, walioishinda Washington 20–19 mwaka 1926 na kushangiliwa Kusini nzima ya Marekani, hawakuchezesha mtu mweusi hadi 1971.

Kwa nini wazee wanasema imepungua ladha?

Wana haki. Tangu 1947, kwa miongo mingi, bingwa wa vyuo vya kati-magharibi, vya Big Ten, alikuja kupambana na bingwa wa pwani ya Pasifiki. Kijana wa Iowa au Michigan alitoka kwenye theluji akacheza juani, na ushindi huo ulitosha kuwa kilele cha maisha yake ya chuo. Siku hizi mechi imeingizwa kwenye mtoano wa kitaifa wa timu 12. Januari 2025 ilikuwa robo fainali tu, Ohio State 41, Oregon 21, na wote wawili sasa ni wa Big Ten, ingawa Oregon ni wa pwani ya Pasifiki! Pesa za televisheni zimeunganisha pande zilizokuwa watani. Naliona hilo ni hasara kubwa.

Nianzeje kuitazama?

Mchana wa California ni usiku wetu, kwa hiyo jiandae kukesha kuanzia saa sita na kuendelea, kuamkia tarehe 2. Mwaka Mpya ukiangukia Jumapili, mechi husogezwa siku moja. Sheria kwa kifupi: timu ina majaribio manne kusogea yadi 10. Ikifaulu inaanza upya, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuuvusha mstari wa mwisho ni pointi 6. Kumbuka jaribio la nne, maana mwaka 2006 zilibaki sekunde 19 tu Vince Young alipolitumia kukimbia hadi mstarini, Texas wakaiangusha USC, chuo cha Los Angeles, 41–38.