Slack ikigoma nyuma ya proksi, usikimbilie kuifuta

Wiki yangu ya kwanza kwenye ofisi mpya, Slack, programu ya meseji za kazini, ilinifanya nionekane mvivu. Nikiifungua asubuhi meseji za jana zote zipo, halafu kimya. Dada wa uhasibu akashuka ngazi kuja kuniuliza mbona simjibu tangu saa tatu. Nikamwonyesha skrini: meseji yake haipo. Kwenye simu yangu, kwa bando langu, ilikuwa imeshafika zamani.

Nikafuta programu, nikaiweka upya. Mara tatu! Usijisumbue hivyo. Simu ikipokea kwa bando na kompyuta ya ofisi haipokei, kagua njia kwanza.

Ofisini kwetu kompyuta haitoki moja kwa moja kwenda intaneti, inapitia proksi, yaani kompyuta ya kati inayopokea na kupitisha kila kinachoingia na kutoka. Kurasa za kawaida hazina neno: unaomba, unapewa, mnaachana. Slack inafungua WebSocket, muunganisho unaobaki wazi, kupitia poti 443 (mlango uleule wa kurasa salama za wavuti) na kuishikilia kutwa nzima, kama simu isiyokatwa, ili meseji ikitumwa ishuke papo hapo. Proksi iliyowekwa kufungua na kukagua kila kinachopita mara nyingi huikata simu hiyo. Ndiyo maana Google inafunguka vizuri na watu wanakuambia, "Mbona mtandao upo?"

Ningejua, ningeanza na ukurasa wa slack.com/help/test, unaojaribu muunganisho kipengele kwa kipengele. Kwangu vyote vilipita isipokuwa WebSocket. Nikaupiga picha, nikampelekea kaka wa IT. Nilishamwendea mara mbili na "Slack haifanyi kazi", akaniambia nizime kompyuta niwashe (na mimi ningejibu hivyo hivyo). Safari hii nilimwomba jambo moja tu: anwani za WebSocket za Slack, wss-primary.slack.com na wss-backup.slack.com zipite bila kukaguliwa. Chai yangu haikupoa, meseji zikaanza kumiminika.

Usihangaike kutafuta pa kuandika anwani ya proksi ndani ya Slack. Inafuata mipangilio ya kompyuta yenyewe, kwenye Windows ni sehemu ya mtandao. Ukikutana na namba ya kosa 407, proksi inadai jina na nywila. Angalia kama hujabadilisha nywila ya ofisi karibuni.

Na laptopu ukienda nayo nyumbani, zima proksi uliyoiandika kwa mkono. Mimi nilisahau, nikashinda Jumamosi nzima nikigombana na watu wa intaneti yangu.